Daktari wa Meno Aliyekataa Kuning'oa Gego

Kabla ya ugonjwa huu sikuwa nimewahi kulala mchana. Nalitaja hilo kwanza ili anayesomewa maneno haya ajue kwamba sikuwa mtu dhaifu. Tuliishi katika nyanda za Basotu, na Mlima Hanang tuliuona kila asubuhi. Nilikuwa na watoto watatu. Nilikamua ng'ombe kumi na mmoja, na maji niliyafuata mbali. Tulikuwa wake wawili katika boma moja. Mke mwenzangu, Udagwenga, alikuwa na ulimi mkali kuliko wangu, na hatukupendana.

Miaka hiyo serikali ilikuwa imekwisha kuyalima malisho yetu na kuyafanya mashamba ya ngano. Trekta lilikwenda mpaka likawa dogo kama kupe, kisha likarudi. Njia za mifugo kwenda majini zilifungwa. Wengi wa ukoo wetu walihama na ng'ombe wao, wakashuka Yaeda Chini. Sisi tulibaki kwa sababu mume wangu alipata kazi ya ulinzi katika shamba mojawapo. Ngano niliichukia. Hata mkate wake sikuula.

Yapo mambo ya kwetu ambayo vijana wa leo hawayajui, nami lazima niyaeleze, maana ndiyo yaliyonipoteza. Zamani mtoto wetu alipokua, aling'olewa meno mawili ya mbele, ya chini. Alikuwapo mzee aliyejulikana kwa kazi hiyo, naye alikuwa na kisu chembamba na mkono usiotetemeka. Mimi aliponing'oa sikulia. Mama yangu aliwatangazia wanawake wote kwamba binti yake hakulia. Jeraha likapona kwa maziwa na samli. Pengo likabaki, na pamoja nalo likabaki wazo kichwani mwangu, kwamba jino ni kitu kidogo, na kwamba anayeliogopa jino ni mwoga.

Ugonjwa ulianza bila maumivu. Naomba mlikumbuke hilo. Kitu kiumacho mtu hukishughulikia. Hiki kilikaa kimya. Kwanza kilikuwa kama punje ya mahindi chini ya shavu la kushoto, nyuma kabisa, kwenye mfupa. Baada ya mvua za mwaka ule kikawa kama yai la kanga, na gego lililo juu yake likaanza kucheza.

"Unatafuna nini peke yako?" Udagwenga aliniuliza. "Tugawie na sisi."

Nilimjibu kwamba natafuna jina lake. Watoto wakacheka. Lakini nilipokuwa peke yangu kwenye zizi, nilikibonyeza kile kitu kwa kidole gumba. Mfupa uliingia ndani kidogo, ukatoa mlio mdogo, kama ganda la yai linapoanza kupasuka. Mfupa wa mtu hauingii ndani. Nililijua hilo, maana nimechinja na kuchuna, na mifupa naijua. Hata hivyo sikumwambia mtu.

Asubuhi moja, nikikamua, niliona damu katika maziwa. Nilidhani ng'ombe ameugua kiwele. Nilimkagua chuchu zote nne, moja baada ya nyingine, na zote zilitoa maziwa meupe. Tone jingine likaanguka mbele ya macho yangu. Lilitoka kwangu. Nilikuwa nimeung'ata mdomo wangu wa chini mpaka ukachanika, na sikuwa nimesikia chochote. Upande ule wa mdomo ulikuwa umekufa kama ngozi iliyowambwa juani.

Siku hiyo nilimwambia mume wangu.

Kwenye zahanati ya shamba walinipa vidonge, wakaniandikia karatasi ya kwenda kwa daktari wa meno katika hospitali iliyokuwa chini ya mlima. Tulikwenda kwa miguu tangu alfajiri. Daktari huyo alikuwa kijana kutoka Upareni, mwembamba, mpole wa sauti. Watu walimsifu. Walisema akikung'oa jino unajua limetoka pale tu anapokuonyesha.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Ling'oe hili, nirudi kukamua."

Alitabasamu. Alitazama ndani ya kinywa changu muda mrefu. Alibonyeza pale nilipokuwa nikibonyeza mimi. Mlio ule ukatoka, nami nikaona tabasamu lake linaondoka. Aliniomba nivue shaba za shingoni, akanipeleka kupigwa picha ya mfupa. Picha ilipokuwa tayari, aliiinua dirishani.

"Tazama, mama. Huu upande wa kulia ni mfupa wako mzima, mweupe. Sasa angalia kushoto."

Upande wa kushoto ulikuwa na matundu meusi, moja kando ya jingine, kama sega ambalo asali yake imeliwa. Ndani ya weusi ule, chini kabisa, lilikuwako gego limelala ubavu.

"Kuna uvimbe unaoula mfupa kutoka ndani," alisema. "Gego hili la mbele yake linacheza kwa sababu halina tena mahali pa kushika. Tatizo liko kwenye mfupa, mama. Mimi ni daktari wa meno. Natibu meno, fizi na majipu ya kinywani. Ugonjwa huu ni wa daktari bingwa, yule anayepasua taya. Yuko hospitali kubwa ya rufaa, mbele ya Arusha. Nitakuandikia barua leo."

"Lakini gego linacheza. Hata mtoto angeling'oa."

"Angeling'oa, ndiyo. Nami naweza. Nisichoweza ni kulifunga taya likivunjika, wala kuzuia damu itakayofuata. Siligusi."

Mume wangu alinitazama. Mimi nilisimama. Niliyatamka maneno ambayo mpaka leo yananiaibisha, nayo nataka yaandikwe kama yalivyokuwa.

"Yuko mzee wetu Yaeda Chini," nilimwambia yule daktari. "Hana koti jeupe, hana picha, na hana woga. Wewe serikali imekupa koleo utazamie tu."

Hakukasirika. Alinipa barua. Nilipofika nje, nilimpa mume wangu aiweke, kwa kuwa karatasi kwangu haikuwa na kazi.

Ilikuwapo sababu nyingine, nami sikuisema. Mwanamke mmoja wa jirani alikuwa amepelekwa hospitali kubwa kwa ugonjwa wa tumbo. Hakurudi. Walimzika huko huko, watu wasiomjua baba yake wala ng'ombe wa kwao. Nililiogopa kaburi lile kuliko ugonjwa. Kumwita daktari mwoga kulikuwa rahisi kuliko kusema kwamba mwoga ni mimi.

Basi nilikwenda Yaeda Chini pamoja na shemeji yangu, Gidahoda, kaka wa mume wangu. Yeye aliamini kama mimi. Tulipita Maretadu katikati ya mahindi ya watu, tukateremka bondeni kwa njia mbaya ya mawe. Mzee tulimkuta. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, lakini mkono ulikuwa ule ule.

Aliingiza kidole kinywani mwangu, akakitoa, akakinusa.

"Mimi ni mtu wa meno ya mbele," alisema. "Hili liko mbali. Na harufu hii siipendi."

"Uliniondolea mawili nikiwa mtoto, sikulia."

"Nakumbuka. Yale yalikuwa mazima."

"Mzee," Gidahoda alisema, "tumetembea siku mbili. Turudi tukaseme kwamba hata wewe umeogopa?"

Neno hilo kwetu halivumiliki. Mzee alichukua kisu.

Gego lilitoka bila kazi, kama mti unaong'olewa kwenye matope. Nyuma yake yalitoka maji ya njano, ya chumvi, yenye harufu, yakajaza kiganja cha mkono. Nilitema mara nyingi. Na uvimbe ukanywea! Nilijipapasa shavu, nikalikuta limelala. Nilicheka kwa sauti. Njiani kurudi nilimwambia Gidahoda kwamba nitakwenda kumwonyesha yule kijana wa koti jeupe. Naye akasema, "Mpelekee na gego lenyewe, alitundike dirishani."

Kwa siku tatu nilikuwa mzima. Siku ya nne nilitetemeka kwa baridi juani.

Uvimbe ulirudi, na safari hii ulikuja na moto. Ulishuka kutoka shavuni mpaka chini ya kidevu, ukavuka upande wa pili. Shingo ilikuwa ngumu kama ubao. Ulimi wangu uliinuliwa kutoka chini, ukagusa kaakaa. Mate sikuweza kuyameza, yakadondoka mbele ya nguo yangu kama ya mtoto mchanga. Nilipojilaza, pumzi ilikatika, kwa hiyo nilikaa nimeegemea ukuta usiku na mchana. Kisha meno yangu ya juu na ya chini yalikutana, yakakataa kuachana. Kinywa kilifungwa. Nilijaribu kuyatenganisha kwa vidole, nikashindwa.

Udagwenga ndiye aliyeniuguza. Mwanzoni alisimama mlangoni tu. Kisha alitoka, akarudi na bua la ngano, kavu, lenye tundu katikati. Alilikata kwa meno yake, akaliingiza katika pengo langu la mbele, akainamisha kibuyu cha maziwa.

"Vuta," alisema. "Usinitazame hivyo. Ukifa nitabaki na watoto wako watatu, na wote wana kichwa kigumu kama chako. Vuta."

Nilivuta. Maziwa yalipita kidogo kidogo, mengine yakarudi kupitia puani. Niliishi siku mbili kwa njia ile, kwa pengo na kwa ngano niliyoichukia.

Siku ya tatu mume wangu alimwendea msimamizi wa shamba akaomba usafiri. Nilipandishwa kwenye tela la trekta. Gidahoda alikuja. Udagwenga naye alikuja bila kuulizwa, ameshika kibuyu na mabua. Kila trekta liliporuka shimo, niliona weusi.

Daktari wa meno alitoka nje mwenyewe. Alinitambua. Nilingoja aseme neno nililostahili. Alisema tu, "Mkalisheni. Msimlaze." Alinichoma sindano, kisha akanipasua chini ya kidevu, mahali pawili. Usaha ulitoka mwingi kiasi kwamba muuguzi aligeuza uso. Ulinuka kama mzoga. Baada ya hapo nilivuta pumzi ndefu ya kwanza tangu siku nyingi. Hapo niliuona ustadi wake. Sijawahi kuona mkono wa haraka na wa utulivu kama ule.

Kisha akamgeukia mume wangu. "Nilichoweza nimekifanya. Usaha utajaa tena, kwa sababu unatoka kwenye ule mfupa. Lori la ngano linaondoka leo kwenda Arusha na mbele yake. Lazima awe ndani yake."

Gidahoda alisimama katikati yao.

"Shikamoo, mzee," daktari alimwambia.

"Marahaba. Usaha umetoka, sivyo? Sasa malizia. Toa hicho kinachooza, turudi naye nyumbani."

"Nikigusa, taya litavunjika, na damu sitaiweza hapa."

"Wewe ni daktari wa meno, au si daktari wa meno?"

"Ni wa meno, mzee. Ndiyo maana najua kwamba hili si jino."

"Mnawapeleka watu wetu huko, mnaturudishia nguo zao," alisema Gidahoda. "Huyu atakufa. Kama atakufa, afie kwetu. Mfunge kitambaa, tunaondoka."

Mume wangu alitazama chini. Alikuwa mdogo mbele ya kaka yake, na kwetu mdogo hajibu. Ndipo daktari akafanya jambo ambalo hakuna mwanamume aliyekuwa amelifanya siku hiyo. Alichuchumaa mbele yangu, akaniuliza mimi.

"Mama, huwezi kusema. Najua unanisikia. Hata huko kwa bingwa unaweza kufa, sikufichi. Ukirudi nyumbani utakufa, na hilo pia sikufichi. Nifanye nini?"

Wote walinitazama. Sikuwa na kinywa, na kuandika sikujua. Nililifikiria kaburi la yule mwanamke, kati ya watu wasiojua jina la baba yake. Niliwafikiria watoto watatu. Ndipo nikaelewa kitu. Watu wawili walikuwa wameniambia ukweli juu ya mipaka ya mikono yao, yule mzee na huyu kijana. Mzee nilimshinda kwa maneno, akanigusa. Huyu nilimtukana, na bado hakunigusa. Kati ya hawa wawili, aliyeniheshimu ni yupi?

Nilisimama. Nilitembea kuelekea lilipokuwa lori, nimeshika ukuta, kisha nikashika hewa, kisha nikashika bega la Udagwenga. Gidahoda aliniita kwa jina la baba yangu. Sikugeuka.

"Basi panda," Udagwenga aliniambia, akinisukuma kwa nyuma. "Mzito kama gunia."

Safari sitaieleza yote. Tulikaa juu ya magunia ya ngano, mimi nimenyooka kama mti. Daktari alikuwa amempa Udagwenga vitambaa, akamwagiza asiniruhusu kulala chali hata kidogo. Kila niliposinzia, alinifinya. Nilikuwa na alama za vidole vyake mkono mzima.

Daktari bingwa alikuwa mtu mzima, mfupi, asiyetabasamu. Alisoma barua, akaitazama picha niliyokuwa nimeidharau. Siku za kwanza walishughulika na usaha na homa. Homa iliposhuka na kinywa kilipoanza kufunguka, alikuja kukaa kando ya kitanda changu.

"Nitaondoa kipande cha taya lako, kuanzia hapa hadi hapa," alisema, akinionyesha kwa kidole kwenye uso wake mwenyewe. "Nikikwangua tu, utafurahi, kisha uvimbe utarudi. Uso wako utapinda. Ungekuja mapema, ningekata kidogo zaidi."

Nikamwambia akate.

Nilipozinduka nilikuwa na waya zilizofunga meno ya juu na ya chini, na upande wa kushoto palikuwa pamebonyea kama njia ya maji iliyokauka. Nilinyweshwa uji kwa mrija kwa majuma mengi. Maumivu yalikuwa makali, lakini yalikuwa yale niyajuayo, maumivu ya kidonda kinachopona. Waya zilipotolewa, neno langu la kwanza halikueleweka. Udagwenga alisema, "Afadhali. Tutapumzika."

Bingwa alinionya kwamba mbegu ya ugonjwa huu inaweza kubaki katika mfupa miaka mingi ikiwa kimya, na kwamba nisipotazamwa mara kwa mara sitajua. Kwa hiyo nilirudi kila aliponiita. Nilirudi hata msimu wa ng'ombe kuzaa. Mpaka leo, kila asubuhi, kabla ya kufanya jambo lolote, napitisha kidole kwenye mfupa uliobaki na kusikiliza. Woga huo haukwisha, na sitawadanganya kwamba unakwisha.

Niliporudi nyumbani nilikwenda kwanza kwa yule daktari wa meno. Nilisema mbele ya wagonjwa wake wote kwamba nilimwita mwoga, na kwamba nilikosea. Alinisikiliza, akaniambia nikae kitini na nifungue kinywa. Alihesabu.

"Haya yaliyobaki, mama," alisema, "ni yangu. Usiyapeleke Yaeda."

Aliyatunza mpaka alipohamishwa. Lililooza aliliziba, moja alining'oa, na kweli sikujua limetoka hadi aliponionyesha. Mzee wa Yaeda sikumlaumu. Kosa lilikuwa langu. Gidahoda hakuzungumza nami kwa mwaka mzima, kisha akaja kuniomba nimsaidie apate barua kama ile kwa ajili ya mtoto wake aliyeumwa jicho.

Namshukuru Mungu, namshukuru bingwa aliyenikata, nawashukuru walionibeba na walionifinya. Nanyi mnaosomewa haya, nawaambieni: jino likiuma, nendeni kwa daktari wa meno aliye karibu, wala msitafute makuu. Meno mengi ni kazi yake. Lakini uvimbe usiouma, mdomo uliokufa ganzi, jino linalocheza kwa mtu ambaye bado ana nguvu, hayo msiyanyamazie. Na daktari akisema jambo limezidi mkono wake, msimtafute mwingine asemaye ndiyo kwa haraka. Wapo wengi, na visu wanavyo.

Mwaka jana mjukuu wangu, binti huyu anayeniandikia maneno haya, aliumwa gego. Nilimpeleka mwenyewe. Daktari wa meno wa sasa ni msichana, mdogo kuliko wajukuu wangu wakubwa. Alinisalimu vizuri, akamwambia binti akae.

"Kabla hujamgusa," nilimwambia, "nijibu. Hili ni lako, au ni la mwingine?"

Hakucheka. Alitazama, akagonga, akabonyeza mfupa pande zote mbili huku nikisikiliza. Alimpeleka kupigwa picha, akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Ni langu, bibi," alisema. "Limetoboka tu. Mfupa ni mzima."

"Basi," nikasema, "anza."